Mlango Usio na Kishikio Uwe na Waya wa Akiba

Mwaka 1952, gereji ya ndugu Barris huko California, Marekani, iliishusha paa Mercury ya 1951, gari la mteja Bob Hirohata, ikailaza karibu na lami na kuing'oa vishikio vya milango. Gari hilo likawa kielelezo cha mafundi waliofuata. Ubavu laini unapendeza, hilo halina ubishi.

Matundu yaliyoachwa na vishikio huzibwa kwa bati la kuchomelea, yakalainishwa kwa puti na kupakwa rangi. Ndani ya mlango hufungwa solenoidi, yaani koili ya umeme inayovuta kijiti cha chuma. Kijiti huvuta waya, waya ukaachia loki. Rimoti haiwashi solenoidi moja kwa moja, huamuru rilei, kwa kuwa solenoidi hunywa umeme mwingi mno kwa swichi ndogo. Kisha springi yenye ncha ya mpira huusukuma mlango nje. Bila springi hiyo, loki inaachia lakini mlango unabaki palepale, maana mkono hauna pa kushika.

Na betri ikifa?

Mwenye gari atazunguka gari lake kama mwizi. Kwenye ajali ni balaa zaidi: mwokoaji hana cha kuvuta. Dawa yake ni rahisi kuliko rangi: waya wa chuma kutoka kwenye loki hadi mahali pa siri chini ya gari, na kishikio cha ndani kinachofungua kwa mkono. Fundi anayekabidhi gari bila hivyo viwili hajamaliza kazi, na asilipwe.