Mwacheni Kijana Akabe Kwanza

Msimu haujaisha na tayari mmemhukumu: hajui kufunga, auzwe. Ati kukaba si kipaji. Wacha tuambiane ukweli.

Kwenye drafti ya NBA ya 2011, wachezaji 14 walichaguliwa kabla ya Kawhi Leonard. Mikono mikubwa, ulinzi mkali, lakini shuti lake watu walilitilia shaka. Msimu wa kwanza alifunga wastani wa pointi 7.9 tu. San Antonio Spurs hawakumpigia kelele. Walimpa kazi aliyoiweza, kukaba wafungaji hatari, huku wakilirekebisha shuti lake mazoezini. 2014, akiwa na miaka 22, alimkaba LeBron James na kutoka na tuzo ya Mchezaji Bora wa Fainali. Msimu wake wa sita? Pointi 25.5 kwa mechi.

Ulinzi ulimpa dakika uwanjani. Dakika zikampa nafasi ya kujifunza kufunga.

Sisemi kila mkabaji atakuwa Kawhi. Wengi hawatakuwa. Lakini anayekaba anailipia timu karo yake akiendelea kusoma. Mfungaji asiyekaba mnamvumilia miaka. Huyu mbona mnamhesabia siku?