Boksi la Msaada Lina Nyota Ngapi?

Leo tuongee chakula cha msaada. Hapa Sydney, Foodbank ipo tangu 1992 na OzHarvest tangu 2004. Kazi yao kubwa, tunashukuru. Lakini kwa mama mwenye sukari na presha, kushiba tu hakutoshi.

Vipimo vipo. Tangu 2014, paketi nyingi huku zina nyota za afya, kuanzia nusu mpaka tano. Marekani nao mwaka 2020 walitoa mwongozo wa benki za chakula: kijani, chagua mara nyingi, njano, mara mojamoja, nyekundu, kwa nadra. Wanaangalia mafuta yanayoganda, chumvi na sukari iliyoongezwa.

Shida ndo matumizi. Mimi hujitolea kupanga rafu mahali fulani, na naona biskuti zinavyojaa kwa sababu ndizo zilizoletwa. Kwa hiyo tuanze kwa anayetoa: tumwombe maharage, dengu, samaki wa kopo wasio na chumvi nyingi. Halafu tuache familia ichague yenyewe. Maharage shangazi anayajua, hayatalala kabatini.

Ukienda kujitolea, uliza: nani anasoma lebo kabla boksi halijafungwa?