Mtoto wa Askari na Maji ya Kichwani

Askari anapohamishwa kambi hubeba godoro, sanduku, sufuria na watoto wake, na siku ya pili maisha yameanza upya. Mtoto mwenye mrija kichwani hahamishiki hivyo. Ndiyo maana naandika habari hii katika ukurasa unaosomwa na askari wa jeshi na polisi, ingawa mimi si daktari.

Ndani ya ubongo mna vyumba vinavyotoa na kupitisha maji masafi usiku na mchana. Njia yake ikizibika maji hujaa, na kwa kuwa mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijaungana, kichwa hukua kupita kiasi. Wengi hudhani ni laana, na lawama humwangukia mama. Hayo ni maneno ya ujinga. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2005 kutoka Mbale ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto waliopokewa huko walipatwa na hali hiyo baada ya maambukizo. Homa ilipita, wazazi wakashukuru, kumbe imeacha makovu yaliyofunga njia ya maji.

Tiba iliyozoeleka ni mrija unaotoka ndani ya ubongo, ukapita chini ya ngozi ya shingo na kifua hadi tumboni. Umeokoa roho nyingi, lakini huziba. Mwandishi wa Uingereza Roald Dahl, ambaye mwaka 1939 aliongoza askari wa King's African Rifles mjini Dar es Salaam, aliyajua hayo kwa uchungu. Mwanawe mchanga aligongwa na teksi mjini New York mwaka 1960, akawekewa mrija, nao ukaziba mara kwa mara. Dahl alimtafuta Stanley Wade, fundi wa pampu ndogo, na daktari Kenneth Till wa London, na mwaka 1962 wakatoa vali mpya. Hawakutaka faida yoyote kwayo.

Vali zikawa bora, na kuziba kukaendelea. Hapo madaktari wakawaza jambo linaloonekana kuwa la busara kabisa: badala ya kusukuma mrija kwa makadirio, watumie endoskopu, yaani darubini nyembamba yenye taa, ili ncha itue mahali pa wazi. Jaribio la wagonjwa 393 lilichapishwa mwaka 2003. Baada ya mwaka mmoja, mirija iliyowekwa kwa darubini ilikuwa imeshindwa kwa asilimia 42, na iliyowekwa bila darubini kwa asilimia 34. Tofauti hiyo haikutosha kusema darubini inadhuru, ila nafuu iliyotarajiwa haikuonekana. Mkufunzi wetu katika shule ya kadeti alikuwa akisema kwamba darubini humwonyesha ofisa kilima, haimpandishi. Nilipozisoma tarakimu hizo nilimkumbuka.

Ni hapa Uganda darubini hiyo ilipopata kazi yake halisi. Katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, daktari Mmarekani Benjamin Warf hakuitumia ili auweke mrija vizuri zaidi. Aliitumia ili mrija usihitajike. Alitoboa tundu katika sakafu ya chumba cha ndani cha ubongo, maji yakapata njia nyingine, kisha akachoma tishu inayoyatengeneza. Watoto 100 wachanga walipolinganishwa huko Mbale, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 hayakuonyesha tofauti ya maana katika ukuaji wa akili, baada ya mwaka mmoja, kati ya waliopewa mrija na waliotibiwa kwa njia hii. Huenda mkazi wa mji mkubwa asione ushindi hapo. Lakini askari aliye Moroto, au aliye kazini Somalia huku mkewe akiwa kijijini bila nauli, anajua maana ya mtoto asiyebeba kifaa kinachoweza kuziba usiku wa manane.

Hata hivyo, nayo si kinga kamili. Tundu laweza kujifunga, hasa miezi ya mwanzo, na watoto wengine bado huhitaji mrija. Kwa hiyo kila mzazi azijue dalili: utosi uliovimba, macho yanayoelekea chini, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kichwa kinachokua upesi.

Nina neno kwa makamanda pia. Kopla mmoja tuliyekuwa naye kikosi kimoja aliomba ruhusa ya kumpeleka mwanawe Mbale. Barua yake ilikaa mezani majuma matatu, eti kwa sababu kichwa cha mtoto si dharura ya kikosi. Tunaharakisha kibali cha tairi la gari kuliko hicho! Ubongo unaobanwa hausubiri sahihi, na ruhusa ya namna hiyo yapasa kutolewa siku ile ile inapoombwa.

Mtoto wa kopla alitibiwa, akachelewa kutembea, lakini anatembea. Baba yake angali na utepe wa fundi cherehani mfukoni, na kila Jumapili alipokuwa nyumbani alimpima kichwa na kuandika katika daftari.