Sataranji Nayo Ivuke Feri

Kenya haijapata grandmasta wa sataranji hata mmoja. Uganda na Tanzania nazo bado. Jamhuri ya Czech, yenye watu takriban milioni 11, inao tele. David Navara, mzaliwa wa Prague, alikipata cheo hicho mwaka 2002 kabla hajatimiza miaka 18, na mwaka 2015 alama zake zilifika 2751, kiwango ambacho ni wachezaji wachache mno duniani wamewahi kukifikia.

Mzazi wa Mtongwe au Magongo akisikia habari hizo huenda akasema Wazungu wamezaliwa na mchezo wao. Hilo si kweli, na kuliamini kunawaponza watoto wa Mombasa.

Mtazame Vlastimil Hort, aliyezaliwa mwaka 1944 huko Kladno, mji wa makaa ya mawe na viwanda vya chuma. Alikuwa grandmasta mwaka 1965, akatwaa ubingwa wa Chekoslovakia mara sita, na mwaka 1970 mjini Belgrade alimshinda Lev Polugaevsky wakati Muungano wa Kisovyeti ulipopambana na wachezaji bora wa dunia nzima. Kipaji alikuwa nacho, lakini pia alizaliwa katika nchi yenye klabu, ligi na mashindano ya kila mwaka. Mambo hayo yapo hadi leo. Nový Bor, mji mdogo wa mafundi wa vioo wenye watu kama 12,000, una klabu iliyotwaa Kombe la Klabu za Ulaya mwaka 2013, Navara akiwa mmoja wa wachezaji wake.

Likoni peke yake, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, ina wakazi 250,358. Kisauni ina 291,930 na Changamwe 131,882. Kisiwani, yaani Mvita, ni 154,171 tu. Kwa hiyo watoto wengi wa Mombasa wako ng'ambo, na ndiko mchezo huu unakopaswa kupelekwa.

Ugrandmasta una masharti yake, na ni vyema wazazi na viongozi wayajue. Shirikisho la kimataifa, FIDE, lililoasisiwa Paris mwaka 1924, linataka mchezaji afikishe alama 2500. Pamoja na alama hizo, lazima apate normi, kwa kawaida tatu, yaani afanye vizuri mno katika mashindano yenye jumla ya michezo isiyopungua 27. Katika kila moja, angalau theluthi ya wapinzani wake wawe magrandmasta, na baadhi yao watoke nchi nyingine. Hata ukisoma vitabu vyote vya sataranji chumbani mwako, alama hata moja hutapata bila kukaa mbele ya mpinzani mwenye alama, katika shindano lililosajiliwa, chini ya mwamuzi anayetambuliwa.

Amon Simutowe wa Ndola, Zambia, aliijua adha hiyo. Normi yake ya mwisho aliipata mwaka 2007 mjini Arnhem, Uholanzi, na baadaye akawa grandmasta wa kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Kabla ya hapo alikuwa amekwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Dallas kwa ufadhili wa sataranji. Alilazimika kuzifuata nafasi nje ya bara lake.

Karibu zaidi na sisi yuko Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe, Kampala. Mwalimu Robert Katende aliwafundisha watoto wa mtaa huo sataranji na kuwapa uji. Mwaka 2010 Phiona aliichezea Uganda katika Olimpiadi ya sataranji ya Khanty-Mansiysk, Urusi, na mwaka 2012, baada ya Olimpiadi ya Istanbul, alipata cheo cha FIDE cha ngazi ya kwanza kwa wanawake. Kitabu kiliandikwa, na mwaka 2016 ikatoka filamu aliyoigiza Lupita Nyong'o. Hakufika kwenye ugrandmasta, na hilo si la kumlaumu. Katwe ilimpa mwalimu, uji na ubao. Mashindano mazito ya kumpandisha kutoka hapo hayakuwa jirani.

Ng'ambo ya Mombasa hali ni ngumu zaidi. Akili ya mchezo ipo, kwani kwenye maskani nyingi wazee na vijana hucheza dama kwa vizibo vya soda, wakihesabu hatua kadhaa mbele bila karatasi. Lakini mashindano mengi ya sataranji nchini hufanyika Nairobi, kiasi cha kilomita 480 kutoka hapa. Mtoto wa Timbwani anayetaka kucheza huko avuke feri, apande matatu hadi Miritini, akate tiketi ya treni, alipe kiingilio na atafute pa kulala. Mzazi anayeishi kwa vibarua vya siku hawezi kuyamudu hayo kila mwezi.

Wapo watakaouliza kama huu ni wakati wa sataranji, ilhali Kisauni inahangaishwa na makundi ya vijana wenye mapanga. Swali ni la haki. Ubao na kete havitamaliza uhalifu. Hata hivyo kijana anahitaji mahali pa kwenda Jumamosi, mtu mzima anayemjua kwa jina, na shindano la kujiandalia, na sataranji inaweza kumpa hayo kwa gharama ndogo kuliko uwanja wa mpira.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaikabidhi kaunti shughuli za michezo. Basi Serikali ya Kaunti ya Mombasa ianze na ligi ya Jumamosi katika shule tatu, moja Likoni, moja Kisauni na moja Changamwe. Izinunulie shule hizo ubao na saa za mchezo, iwasomeshe walimu wachache kazi ya uamuzi, na kila mwaka iandae shindano moja lililosajiliwa FIDE, wachezaji wa Uganda na Tanzania wakialikwa. Nanyi wakazi wa ng'ambo, wawakilishi wadi wenu watakapokuja kukusanya maoni ya bajeti, litajeni jambo hili na mlidai liandikwe.