Leza haimrudishii mzee macho ya ujanani

Ndugu zetu katika imani, katika misikiti yetu ya Temeke na Kinondoni tunawasikia wazee wakiulizana juu ya upasuaji wa macho kwa leza, na wapo waliokwisha kudhamiria kuuza kiwanja ili wakafanyiwe India. Tunawanasihi wasifanye haraka.

Leza hiyo huchonga upya konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ili asiyeona mbali aone bila miwani. Jicho hutiwa matone ya ganzi, na kazi huisha kwa dakika chache. Baadaye macho huweza kukauka kwa miezi, na taa za usiku kuonekana zina duara la mwanga. Anayefaa ni mtu mzima ambaye namba ya miwani yake imetulia.

Mzee aliyeanza kushindwa kusoma Msahafu alipopita miaka 40 ana tatizo jingine: lenzi iliyo ndani ya jicho imekakamaa. Miwani ya kusomea humtosha. Ikiwa anaona ukungu, huenda ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, unaotibiwa kwa kuwekewa lenzi ya bandia, na Hospitali ya CCBRT pale Msasani hufanya operesheni hiyo.

Tunaona haya kusema, lakini wapo waumini wanaoikimbia kwa kuhofia udhu na sijda. Sheria yetu haikuwabana hivyo. Aliyekatazwa maji usoni hupangusa au hutayamamu. Aliyekatazwa kuinama huswali kwa ishara. Maimamu walitangaze hili Ijumaa, kabla viwanja havijauzwa.