Mgeni Hulipia Usingizi, Halipii Mapazia

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii tunaifundisha darasani mwaka baada ya mwaka, tukiwaeleza wanafunzi kuwa si vyema kuipima shida ya mwenzako ambayo wewe hujaionja. Hayo ni sahihi. Leo, hata hivyo, nawaomba radhi wapenzi wa fasihi, kwani nataka kuitumia methali hiyo kama ilivyo, bila fumbo lolote. Nataka kuzungumza juu ya vitanda. Hasa nataka kuzungumza juu ya vitanda vilivyomo katika nyumba wanazopangishwa wageni wakati wa likizo huko Meru na Embu, na juu yetu sisi ambao huvilalia kwa taabu, kisha tukaondoka kimya.

Sehemu hizo zina mengi ya kumvuta mgeni. Kuna Mbuga ya Meru, ambako George na Joy Adamson walimrudisha porini simba wao Elsa. Kuna njia ya Chogoria ya kuupanda Mlima Kenya. Upande wa Embu kuna hifadhi ya Mwea na mabwawa ya umeme ya mto Tana, kuanzia Kindaruma lililokamilika mwaka 1968 hadi Kiambere la mwaka 1988, ambayo walimu wa jiografia hawachoki kuwapeleka wanafunzi wao kuyatazama. Isitoshe, vyuo vikuu vya Chuka, Meru na Embu huwaleta wazazi kwa mamia siku za mahafali, na kila mzazi hutafuta mahali pa kuulaza ubavu wake. Si ajabu basi kwamba watu wengi wenye nyumba wamezigeuza kuwa makao ya wageni. Ni biashara halali, na inawasaidia wengi kulipa karo.

Likizo moja ya Agosti, mimi na walimu wenzangu watatu tulikodi nyumba ya aina hiyo nje kidogo ya mji wa Meru. Tulikuwa tumetumiwa picha kwa simu. Tuliona mapazia ya rangi ya zambarau, vikombe vilivyopangwa kwa mstari, maua juu ya meza, na dirisha lililofunguliwa kuelekea mlimani. Tukatuma pesa zote mapema. Tulifika magharibi, tumechoka kwa safari, na kila tulichokiona katika picha tulikikuta mahali pake. Kitu kimoja tu hakikuwamo katika picha zile, nacho ni kitanda bila tandiko lake.

Nilipolifunua godoro usiku huo niliona chaga tano, mbili kati yazo zimefungwa kwa kamba ya katani. Godoro lenyewe lilikuwa sponji nyembamba iliyobonyea katikati, hata mimi na mwenzangu tukawa tunaporomoka kuelekeana kama viazi vilivyotiwa katika karai. Kila mmoja wetu alipojigeuza, kitanda kilipiga kelele na kuwaamsha waliokuwa chumba cha pili. Saa nane za usiku nililiteremsha godoro nikalala sakafuni, na baridi ya Agosti ikanifundisha kuwa kukaa karibu na Ikweta si kinga ya baridi. Mwenzetu mmoja mwenye maumivu ya mgongo alikesha kitini, amejifunika koti.

Asubuhi msimamizi wa nyumba, kijana mwenye adabu sana, alituletea chai na nduma. Akatuuliza, "Mlilala vyema, walimu?" Tukajibu kwa pamoja, kama wanafunzi wa darasa la kwanza, "Vyema kabisa, asante." Kisha akatuletea kitabu cha wageni. Nami, mwalimu wa miaka mingi, ninayewaadhibu watoto kwa kusema uongo, nilichukua kalamu nikaandika: "Mahali pazuri mno. Mungu awabariki." Tulipopanda matatu ndipo ndimi zilipofunguka. Tulikisema kitanda kile kutoka Nkubu hadi Chuka, mbele ya watu ambao hawakuwa na uwezo wowote wa kukitengeneza.

Msomaji mpenzi, tangu siku hiyo nimejiuliza mara nyingi ni nani aliyekosa zaidi, aliyetupa kitanda kibovu au sisi tuliokisifu. Mwenye nyumba alimdhulumu mgeni wa usiku mmoja. Sisi tulimdhulumu mgeni wa kesho, atakayeyasoma maneno yetu na kuyaamini kwa sababu yameandikwa na walimu.

Najua chanzo cha ukimya wetu. Katika mila zetu, mgeni hapimi anachopewa. Ukizuru kwa ndugu yako Runyenjes au Maua, akakuachia kitanda chake naye akalala jikoni na watoto, ungekuwa mtovu wa fadhila ukiuliza habari za godoro. Ule ni ukarimu, na ukarimu hulipwa kwa shukrani. Lakini tunapotoa pesa ili tupewe chumba, jambo limebadilika. Hapo pana muuzaji na mnunuzi. Anayenunua kilo ya maharagwe katika soko la Embu huyachagua, huyapepeta na kumwambia muuzaji, bila chuki, kwamba haya yameliwa na dumuzi. Kwa nini basi mtu huyo huyo aone haya kusema kwamba kitanda alicholipia kimevunjika?

Nimewahi kuambiwa kuwa malalamiko kama haya ni ya watu wanaopenda anasa. Atakaye kitanda cha mfalme, wanasema, na aende katika hoteli kubwa. Anayelipa kidogo na akubali kidogo. Hoja hii si ya kupuuzwa, maana wenye nyumba nao hubanwa na wageni wanaotaka bei ipunguzwe kila uchao. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya kitu cha bei nafuu na kitu kibovu. Chumba cha bei nafuu kinaweza kukosa televisheni, maji ya moto na mapazia, na asiwepo wa kulalamika. Kitanda chembamba lakini imara, chenye godoro gumu na shuka safi, ni kitanda. Kile kinachomwangusha mtu usiku si kitanda cha bei nafuu, ni mtego. Tena mwenye nyumba yetu hakukosa fedha kabisa. Aliyanunua mapazia. Ni ule uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ubovu huu una sababu zinazoeleweka. Vitanda vingi vya huku hutengenezwa na maseremala wetu wenyewe, mara nyingi kwa mbao za mgrivilea na mkaratusi zinazopandwa mashambani. Si mbao mbaya. Lakini zikipigwa randa na kupigiliwa misumari zikiwa bado mbichi, hukauka ndani ya nyumba, zikasinyaa, na viungo vikalegea. Ndipo kitanda huanza kulia. Godoro nalo lina siri yake. Uzito wa sponji hupimwa kwa kilo katika kila mita moja ya ujazo, na sponji nyepesi, ambayo ndiyo rahisi, hubonyea upesi inapolaliwa na watu wapya kila juma. Likiwekwa juu ya chaga chache zilizoachana, litazama katika kila pengo. Kwa hiyo kuongeza chaga nne au tano kunaweza kukiokoa kitanda kwa gharama ndogo kuliko ile ya pazia moja.

Tena mgeni hana sababu ya kuomba haki yake kama anayeomba sadaka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kufidiwa anapopata hasara au madhara kwa sababu ya kasoro zake. Ibara hiyo inawahusu watu binafsi wanaouza huduma sawa na mashirika ya umma. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 nayo inakataza kumvuta mnunuzi kwa maelezo ya uongo au ya kupotosha. Kwa wenye madai yasiyozidi shilingi milioni moja, sheria ya mwaka 2016 ilianzisha mahakama ya madai madogo, ambako mtu anaweza kujieleza mwenyewe bila wakili.

Simshauri mtu akimbilie mahakamani kwa ajili ya usiku mmoja. Mambo mengi yangekwisha mapema zaidi. Kabla ya kutuma pesa, uliza kitanda kina upana gani na godoro lina unene gani, na uombe picha ya kitanda kikiwa kimeondolewa matandiko. Mwenye kitanda kizuri hataona tabu kukipiga picha. Ukiweza, lipa sehemu tu, nyingine uimalize baada ya kuingia. Ukifika, usikimbilie dirishani kuutazama mlima. Funua shuka. Libonyeze godoro kwa ngumi uone kama unagusa mbao. Zihesabu chaga, kisha ukae kwenye ukingo wa kitanda na kujitikisa. Ichunguze mishono ya godoro na viungo vya kitanda, maana huko ndiko kunguni hujificha, na madoa madogo meusi ndiyo alama yao. Mdudu huyo anaweza kukaa miezi kadhaa bila kunyonya damu, na husafiri katika mikoba. Mwanafunzi aliyelala naye usiku mmoja safarini anaweza kumpeleka bwenini kwa wenzake mia moja.

Ukiona kasoro, sema saa hiyo hiyo, na useme kwa heshima: "Ndugu yangu, kitanda hiki hakilaliki. Tafadhali nibadilishie, au unirudishie sehemu ya pesa zangu." Piga picha kabla ya kukigusa. Anayengoja mpaka asubuhi humpa mwenye nyumba nafasi ya kusema kwamba ni yeye aliyekivunja. Na kama amekutengenezea, mshukuru kwa dhati na uandike hivyo kitabuni, kwani mwenye kukiri kosa na kulirekebisha anastahili sifa kuliko aliyebahatika kutokosea.

Serikali za kaunti nazo zina sehemu yao. Tangu mwaka 2013 zimekuwa zikitoa leseni za biashara, na Katiba imezikabidhi utalii wa mashinani. Afisa anayekwenda kukagua nyumba ya wageni hutazama choo, maji na rangi ya ukuta. Na alifunue godoro pia. Bidhaa inayouzwa katika nyumba hiyo ni usingizi, na mkaguzi asiyeitazama bidhaa yenyewe hajakagua duka.

Huenda msomaji akaona kuwa nimelikuza jambo dogo. Na amfikirie dereva wa basi la shule. Walimu hutafuta malazi ya wanafunzi kwanza, kisha yao, na mwishoni dereva hupewa kitanda kilichobaki. Kesho yake mtu huyo, ambaye hakupata usingizi, anawarudisha watoto arobaini kupitia miteremko ya barabara ya Meru kwenda Embu. Kwenye daraja la Nithi, mwezi wa Julai mwaka 2022, basi lilitumbukia na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Sisemi hata kidogo kwamba usingizi ndio uliosababisha ajali ile. Ninachosema ni kwamba barabara kama hiyo haimsamehe dereva anayesinzia, na mwalimu anayepanga safari anapaswa kukikagua kitanda cha dereva kwa makini kama anavyokagua breki za basi.

Walimu wenzangu, tuna nafasi ya kulirekebisha hili pasipo kungoja amri ya mtu. Katika somo la biashara tunawafundisha wanafunzi haki za mnunuzi, na katika insha tunawafundisha kuandika barua rasmi ya malalamiko. Barua hizo huishia katika madaftari. Tukiwa safarini nao, na watuone tukilifunua godoro, tukizungumza na mwenye nyumba bila matusi na bila woga, na tukiandika ukweli katika kitabu cha wageni. Nanyi wanafunzi, msione haya kumwambia mwalimu kwamba kitanda mlichopewa kimevunjika. Kijana anayezoea kunyamaza mbele ya kitanda kibovu atanyamaza pia atakapopunjwa mshahara.

Kwa upande wangu, nilimpigia simu mwenye nyumba ile baada ya majuma mawili. Nilimwambia yote, pamoja na uongo wangu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, wageni wote wameandika kwamba wamelala vizuri. Mimi ningejuaje?" Sikuwa na jibu. Mimi ni mmoja wa wale walioandika.