Akika Peke Yake Haitoshi

Mtoto azaliwapo katika miji yetu ya Malindi, Mambrui, Kilifi na Takaungu, baba huujua wajibu wake. Humuadhinia, humchagulia jina jema, na akijaaliwa humchinjia akika siku ya saba. Hizo ni shukrani kwa Mwenyezi Mungu, na hapana Mwislamu wa kuzipinga.

Baada ya hapo, wengi wetu huishia mlangoni. Mzazi yumo katika arubaini, mara nyingi kwa mamake, na mtoto amezungukwa na bibi na mashangazi. Baba huuliza, "Hajambo?" akaacha pesa za matumizi, akaenda zake baharini au kazini hotelini.

Wako wasemao kuwa mwanamume kubembeleza mtoto ni kujidhili. Wengine huogopa kuwa kumsifu ni kumtafutia kijicho. Kwa kijicho tunalo neno: Mashallah. Na kuhusu kujidhili, tukumbuke Mtume (S.A.W.) alipombusu mjukuu wake Hassan mbele ya Al-Aqraa bin Haabis. Bwana huyo alisema ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume akamjulisha kuwa asiyehurumia naye hahurumiwi.

Wataalamu wa Marekani walionyesha mwaka 1980 kuwa mtoto wa siku chache huipenda sauti ya mamake kuliko ya mwanamke mwingine, kwani aliizoea tumboni. Mwaka 1984 ikaonekana kuwa mtoto wa siku mbili hivi haichagui sauti ya babake mbele ya sauti ya mwanamume mwingine. Basi mama huanza akiwa anajulikana. Baba sharti ajijulishe.

Nafasi ipo. Sheria ya Kazi ya 2007 humpa baba aliyeajiriwa likizo ya wiki mbili kwa mshahara kamili. Mvuvi hana likizo hiyo, lakini kusi ikivuma na bahari ikachafuka, huwapo nyumbani.

Yafaa basi baba ampakate mwanawe kila siku, japo kitambo kidogo, amwambie kwa sauti: "Ahsante babangu kwa kuja kwetu. Alhamdulillahi." Mtoto hafahamu maneno, lakini hujifunza ni nani anayeyasema. Nyama ya akika huliwa na jamaa na majirani ikaisha siku ile ile. Sauti ya baba ndiyo fungu la mtoto mwenyewe, nayo haina gharama.